Kula Kwanza: Steroidi, Tumbo na Maneno ya kwenye Bahasha ya Dawa

Mgonjwa anayeandikiwa prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, huondoka dirisha la dawa na bahasha ndogo iliyoandikwa kwa kalamu: 6 × 1, asubuhi, baada ya kula. Maana yake ni vidonge sita vya miligramu 5, jumla miligramu 30, kwa mkupuo mmoja. Kinachosisitizwa kwa mdomo, kama kipo, ni yale maneno ya mwisho. Mgonjwa huambiwa dawa hii ni kali, asiimeze na njaa, itamchoma tumbo. Agizo hili si la uongo, nami sikuja kulifuta. Nimekuja kudai kwamba limepewa uzito usioendana na ushahidi, na kwamba kwa kuchukua nafasi yote kwenye bahasha na katika kichwa cha mgonjwa, limeziba maagizo mengine yanayolinda tumbo kuliko chakula, na pengine yanayolinda uhai. Chakula hupunguza kichefuchefu na kiungulia. Hatuna ushahidi imara kwamba kinazuia kidonda. Mambo hayo mawili yakichanganywa, mgonjwa hujiona salama kwa sababu amekula andazi na chai, kumbe hatari yake iko kwenye kidonge kingine alichomeza sambamba.

Ili kuelewa sifa hii mbaya ya steroidi ilikotoka, turudi mwanzo wa tiba yenyewe. Septemba 1948, katika kliniki ya Mayo mjini Rochester, jimbo la Minnesota, Philip Hench na wenzake walimdunga mwanamke mwenye ugonjwa mkali wa viungo dutu ambayo mwanakemia Edward Kendall alikuwa ameishughulikia kwa miaka mingi, na ambayo baadaye iliitwa kotisoni. Baada ya siku chache tu, mtu aliyekuwa akijiburuta alitembea. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeus Reichstein wa Uswisi walipewa Tuzo ya Nobel, na kufikia katikati ya muongo huo prednisoni na prednisoloni zilikuwa zimeingia hospitalini. Haukupita muda mrefu taarifa za vidonda vya tumbo na kutapika damu zikaanza kuandikwa. Lakini tujiulize wagonjwa hao walikuwa nani. Wengi wao walikuwa watu wa viungo, na tiba ya kila siku ya mtu wa viungo zama hizo ilikuwa aspirini kwa dozi kubwa. Steroidi iliingia katika tumbo ambalo tayari lilikuwa limeshambuliwa, na lawama ya wawili ikabebeshwa mmoja.

Watafiti walibishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miongo miwili, na mabishano yao yanafundisha. Mwaka 1976 Conn na Blitzer waliyakusanya majaribio yaliyolinganisha waliopewa steroidi na wasiopewa, wakasema hawakuona uhusiano kati ya dawa hizi na vidonda. Mwaka 1983 Messer na wenzake wakayapitia majaribio 71 na kufikia hitimisho la kinyume: vidonda viliwapata asilimia 1.8 ya waliotumia steroidi dhidi ya asilimia 0.8 ya wasiotumia, yaani zaidi ya mara mbili. Mwaka 1994 Conn, safari hii akiwa na Poynard, alirudi na majaribio 93 yenye wagonjwa zaidi ya 6,600, akapata asilimia 0.4 dhidi ya 0.3, tofauti isiyo na maana kitakwimu. Msikilizaji anaweza kuchoka hapa na kusema kwamba wataalamu hawajui wasemalo. Mimi nasoma jambo jingine kabisa. Hata katika hesabu iliyoihukumu steroidi kwa ukali zaidi, wagonjwa zaidi ya 98 kati ya 100 hawakupata kidonda. Dawa inayochoma tumbo kwa kuligusa, kama watu wengi wanavyoamini, isingetoa takwimu ndogo kiasi hicho.

Jibu lililokata mzizi wa fitina lilitoka Tennessee mwaka 1991. Piper na wenzake hawakuuliza tu nani alitumia steroidi. Waliuliza pia nani alitumia steroidi pamoja na dawa za maumivu za jamii ya aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Waliwachunguza wazee wa miaka 65 na zaidi waliolazwa kwa vidonda vya tumbo, wakawalinganisha na wazee wenzao wasiokuwa navyo. Kwa ujumla watumiaji wa steroidi walikuwa na hatari mara mbili. Walipotenganishwa, picha ikabadilika: waliotumia steroidi bila dawa hizo za maumivu walikuwa na hatari ya 1.1, yaani karibu sawa na mtu asiyetumia chochote. Waliotumia zote mbili kwa pamoja walikuwa na hatari ya karibu mara 15. Ukitaka kulilinda tumbo la mgonjwa wa prednisoloni, hapo ndipo pa kusimama. Tofauti kati ya 1.1 na 15 hailetwi na sahani ya ugali.

Sitaki kuitetea steroidi kupita haki yake. Mwaka 2014 Narum na wenzake walichapisha mapitio ya majaribio 159 yenye wagonjwa zaidi ya 33,000. Kutokwa damu au kutoboka kwa tumbo na utumbo kuliwapata asilimia 2.9 ya waliopewa steroidi na asilimia 2.0 ya wengine, na ongezeko hilo halikutoweka hata dawa za maumivu zilipowekwa kando. Kwa hiyo dawa hii ina hatari yake yenyewe. Ila ongezeko hilo lilithibitika kwa waliolazwa, watu ambao tayari wana maradhi mazito na miili iliyodhoofika. Kwa wanaomezea dawa nyumbani, matukio yalikuwa 11 tu kati ya watu 8,651, na tofauti haikuthibitika. Anayesimama mbele ya dirisha la dawa akiwa na bahasha yake ni wa kundi hili la pili, isipokuwa awe na mambo ya ziada, na mambo hayo tunayajua.

Kwa nini basi chakula hakizuii kidonda? Kwa sababu madhara hayaletwi na kidonge kuugusa ukuta wa tumbo. Tumbo lina asidi kali inayoweza kumeng'enya nyama, lakini halijimeng'enyi lenyewe kwa sababu ukuta wake hutoa ute, hutoa kinga ya kupunguza asidi, hupata damu ya kutosha, na hujijenga upya kila siku. Kazi hizo zinasimamiwa kwa sehemu kubwa na kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini na jamaa zake huzuia utengenezaji wa prostaglandini, kazi iliyomletea Nobel mwaka 1982. Aspirini huondoa kinga, na ukuta unajeruhiwa. Steroidi nayo hupunguza kemikali hizo kwa njia yake, lakini kikubwa zaidi inachelewesha kupona kwa jeraha, kama inavyochelewesha kidonda cha mguu kufunga. Mmoja anatoboa, mwenziwe anazuia fundi asiende kuziba. Na haya yote hupitia katika damu: mgonjwa anayedungwa deksamethasoni, steroidi nyingine, kwenye mshipa, ambaye kidonge hakikuwahi kugusa tumbo lake, hana kinga ya pekee kwa sababu hiyo. Ikiwa sindano haikwepi tatizo, uji hauwezi kuliziba.

Kuna jambo jingine ambalo agizo la chakula halimwambii mgonjwa, nalo linanitia wasiwasi kuliko kidonda chenyewe. Steroidi huzima uvimbe na homa, na pamoja navyo huzima dalili. Tumbo likitoboka kwa mtu wa kawaida, maumivu humkunja na tumbo hukakamaa kama ubao. Kwa mtu aliye kwenye dozi kubwa ya steroidi, dalili hizo zaweza kuwa hafifu, akabaki nyumbani akidhani ni gesi. Mtu huyu anahitaji kuambiwa waziwazi kwamba choo cheusi chenye kunata kama lami, matapishi yenye rangi ya kahawa, au maumivu mapya ya tumbo yasiyotulia ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, hata kama maumivu ni madogo na hata kama kila siku amekula kabla ya kumeza.

Chakula kinabaki na kazi gani? Kinabaki na kazi ya kweli na ya heshima. Vidonge vya prednisoloni ni vichungu, vingi kwa wakati mmoja, na kwa watu wengi huleta kichefuchefu na kiungulia vikimezwa tumbo likiwa tupu. Chakula kidogo hutuliza hali hiyo, na kwa vidonge vya kawaida hakipunguzi kiasi cha dawa kinachoingia mwilini, ingawa kinaweza kuchelewesha kidogo kuingia kwake. Ndiyo maana karatasi za maelezo ya dawa huagiza hivyo, nami naunga mkono. Kuna vidonge vyenye ganda maalumu linaloyeyuka baada ya kupita tumbo. Vidonge vya aina hiyo chakula huvichelewesha zaidi, na ufyonzwaji wake hautabiriki sana, kwa hiyo maelekezo yake yafuatwe kama yalivyo. Maziwa, ambayo wengi huyanywa kwa imani kwamba yanapaka ukuta wa tumbo, hutuliza kwa muda kisha huchochea tumbo kutoa asidi zaidi. Si sumu, lakini si ngao. Na vile vidonge vyeupe vya kutafuna vya kupunguza asidi, vikitumiwa kwa wingi pamoja na prednisoloni, vinaweza kupunguza ufyonzwaji wake; vitenganishwe kwa saa kadhaa.

Hapa najua pingamizi linalokuja, na ni pingamizi la watu wenye nia njema. Watauliza: ikiwa chakula hakina madhara na kina nafuu kidogo, kwa nini kulisumbua agizo lililozoeleka? Liacheni. Ningekubali kama kila mgonjwa angekuwa na chakula. Agizo la kula kwanza huwa halina gharama kwa mwenye kifungua kinywa. Kwa asiyenacho huwa sharti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu wagonjwa wa dawa za kupunguza makali ya UKIMWI nchini Uganda ulionyesha jambo hili kwa uchungu: watu waliokosa chakula waliruka dozi, baadhi kwa sababu waliamini dawa bila chakula ingewadhuru zaidi kuliko kutomeza. Sioni sababu ya kudhani kwamba mgonjwa wa prednisoloni ana mantiki tofauti. Tumemwambia dawa itamchoma tumbo. Leo hana cha kula. Basi leo hamezi. Amefanya uamuzi wa busara kwa taarifa tulizompa.

Na prednisoloni si dawa ya kuruka hivi hivi. Tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, hutengeneza kotisoli, homoni ambayo mwili hauwezi kuvumilia maradhi wala ajali bila hiyo. Mtu akimeza steroidi kwa zaidi ya wiki tatu hivi, tezi hizo hupunguza kazi, na hurudi polepole. Akikatisha ghafla, au akiruka siku kadhaa kwa kukosa chakula, au akaugua malaria huku akitapika vidonge, anaweza kuanguka kwa udhaifu, kizunguzungu, kutapika, presha na sukari kushuka, na asipotibiwa kufa. Tumemkinga na kiungulia tukamweka kwenye hatari ya kupoteza uhai. Agizo linalostahili ni kwamba ameze asubuhi, pamoja na chakula akiwa nacho. Kama hana, ameze kwa maji ya kutosha, asiache. Asubuhi, kwa sababu kotisoli ya mwili yenyewe hupanda alfajiri, na kwa sababu dozi ya jioni humnyima mtu usingizi.

Kwa wale wanaofunga Ramadhani, ambao katika mwambao wetu ni wengi, mpangilio huu una faraja. Dozi ya mara moja kwa siku inaweza kuhamishiwa daku, chakula kipo, na saa yenyewe inakaribiana na mwendo wa asili wa homoni. Mwenye dozi zilizogawanywa, mwenye sukari iliyopandishwa na dawa, au anayeugua vibaya anahitaji kuzungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama, na ruhusa ya mgonjwa kutofunga inajulikana. Asichopaswa kufanya mtu yeyote ni kuacha vidonge kwa mwezi mzima kwa sababu mchana hakuna chakula cha kumezea.

Nirudi kwenye ile namba 15, kwa sababu ndiyo moyo wa hoja yangu. Mtu anayepewa prednisoloni kwa pumu, kwa lupasi, kwa figo au kwa athari za ukoma hasahau kwamba ana mgongo unaouma. Diklofenaki inauzwa kila mtaa, kidonge kimoja kimoja, bila cheti. Ibuprofeni kadhalika. Baadhi ya vidonge vya kichwa vina aspirini ndani yake na jina la kibiashara halisemi. Mnunuzi hahesabu kwamba ameongeza dawa ya pili ya hatari. Kwake hiyo ni panadoli yenye nguvu. Parasetamoli kwa dozi sahihi ndiyo iliyopaswa kuwa chaguo lake la kwanza, na hatukumwambia. Mara nyingine mchanganyiko huo huwa umefichwa ndani ya kidonge kimoja. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu bidhaa za viungo zilizouzwa kama virutubisho vya asili, ambazo maabara ilizikuta na diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Dawa ya asili inayoondoa maumivu ya miaka kumi kwa siku mbili inastahili kutiliwa shaka popote inapouzwa, nasi tuna soko kubwa la bidhaa za namna hiyo. Anayezimeza hata bahasha hana.

Wengine watasema suluhisho ni rahisi: kila anayepata steroidi apewe omeprazoli. Wapo wanaofanya hivyo kama desturi. Omeprazoli ni dawa nzuri, na mwenye steroidi pamoja na dawa ya maumivu isiyoepukika, aliyewahi kuwa na kidonda au kutokwa damu, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini, mzee mwenye maradhi mengi, na mgonjwa mahututi wodini wana haki nayo. Lakini kumpa kijana wa pumu anayemeza prednisoloni siku tano ni kumwongezea gharama bila faida inayoonekana. Kwa muda mrefu, matumizi ya dawa za jamii hiyo yamehusishwa na kuvunjika mifupa, maambukizi ya utumbo na upungufu wa magnesiamu, na steroidi yenyewe tayari inapunguza mifupa, hasa katika miezi ya mwanzo. Tena omeprazoli hufanya kazi vizuri ikimezwa takriban nusu saa kabla ya kifungua kinywa. Wagonjwa wengi huzimeza dawa zote mbili baada ya kula, kwa sababu hilo ndilo agizo pekee walilolisikia. Na kwa mwenye historia ya vidonda, kumtafuta na kumuua bakteria wa Helikobakta, yule ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Perth walipewa Nobel kwa ajili yake mwaka 2005, ni kinga inayoshughulikia chanzo. Barani Afrika takriban asilimia 70 ya watu wamekadiriwa kuwa naye.

Pingamizi la mwisho ni la wahudumu, na nalichukulia kwa uzito mkubwa kuliko yote. Foleni ni ndefu, mfamasia ni mmoja, bahasha ina nafasi ya mstari mmoja. Mnataka tuandike kitabu? Hapana. Nataka mstari mmoja ubadilishwe na mingine mitatu mifupi: meza asubuhi, na chakula ukiwa nacho; usichanganye na diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini bila kuuliza; usikatishe mwenyewe. Kalamu ni ile ile. Mwenye aspirini ya moyo aliyoandikiwa asiiache, aulize, na hapo ndipo omeprazoli inapata kazi.

Kuna swali moja ambalo halifai kuachiwa bahasha, na linamhusu daktari kabla hajaandika dozi kubwa au ya wiki nyingi: je, mgonjwa huyu amebeba mnyoo? Katika nchi zetu yupo mnyoo aitwaye strongiloidi, anayeingia kwa ngozi ya mguu kutoka udongo uliochafuliwa na kuishi katika utumbo mwembamba. Tofauti na minyoo mingi, huyu huweza kuzaliana ndani ya mwili ule ule kwa miongo. Askari waliokuwa mateka huko Asia katika Vita Kuu ya Pili walikutwa naye miaka mingi baada ya kurudi kwao. Kinga ya mwili humdhibiti. Steroidi ikishusha kinga hiyo, mabuu hujazana, hutoboa utumbo, huingia mapafuni na kubeba bakteria wa utumbo hadi kwenye damu. Mgonjwa huumwa tumbo, hutapika, hata kutokwa damu, na kwa urahisi hali hiyo ikaitwa vidonda vya dawa, akashauriwa ale vizuri kabla ya kumeza huku maradhi yakimmaliza. Wakati wa janga la UVIKO-19, deksamethasoni ya miligramu 6 kwa siku ilipothibitika mwaka 2020 kuokoa maisha ya waliohitaji oksijeni, wataalamu walipendekeza watu wa maeneo yenye mnyoo huyu watibiwe dhidi yake sambamba na deksamethasoni bila kusubiri vipimo, kwa kuwa choo kimoja chini ya hadubini humkosa mara nyingi. Albendazoli ya kampeni za shuleni ni dhaifu kwake. Dawa yake ni ivamektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Katika misitu ya Kongo, ambako minyoo ya loa ipo, dawa hiyo hiyo inaweza kuleta madhara makubwa kwa mwenye vimelea wengi wa loa kwenye damu, kwa hiyo huko damu ipimwe kwanza.